Kiti cha Nyuma Kilikuwa cha Mtungi

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga kwa pilau na saa ya ukutani (zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameachana na saa) mliniomba niandike yale niliyoyaona katika kazi ya majokofu, ili yasiende nami kaburini. Naandika. Mjue tu kwamba mie ni mtu wa skuli ya jioni. Darasa letu lilianza baada ya Isha, na mimi nilikuwa nikiingia mikono ikinuka mafuta ya kompresa, mpaka mwenzangu wa dawati akahamia dirishani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinirudishia kila insha na maneno yale yale kwa wino mwekundu: "Nzuri, ila punguza chumvi." Nimejaribu. Mkikuta mahali pamekolea, kunyweni maji mwendelee.

Vyeo na mishahara sitavisema, maana vyeo vilikuja vimechoka na mshahara ulikuja ukiaga. Nitawasimulia mambo matatu aliyonifunza Fundi Vuai, Mungu amrehemu, na jinsi mambo hayo matatu yalivyonichagulia pikipiki nilipostaafu. Mtasema pikipiki si kazi. Ngojeni.

Siku yangu ya kwanza kazini tulipelekwa Mji Mkongwe, kupandisha friza kwenye mkahawa ulioko juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu. Tulikuwa watu wanne wenye nguvu na hakuna hata mmoja mwenye akili. Friza likapita mlangoni, likapita ngazi ya kwanza, likakwama katika kona ya ngazi ya pili kama mfupa kooni. Halipandi, halishuki. Wa juu wakabaki juu, wa chini wakabaki chini. Bibi mmoja wa ghorofa ya kati alipoona tumekata tamaa, akaanika kanga zake juu ya friza zikauka pale pale.

Fundi Vuai alipokuja hakupiga kelele. Alikuwa Mtumbatu mrefu, mkavu, na hasira zake zote alizimalizia kwenye kahawa. Akachukua ufagio wa yule bibi, akapima upana wa ngazi kwa mpini, akaweka alama kwa ukucha, kisha akaupeleka mpini kwenye friza. Alama iliishia kabla friza halijaisha.

"Fimbo hii ingewaambia haya chini kule, bila ya nyinyi kutoka jasho," akasema. "Mlango ndio mwenye nyumba. Muulize yeye kwanza."

Tulilikata lile friza kwa msumeno ili tulishushe. Tangu siku hiyo sijabeba kitu bila ya kupima njia kwa fimbo.

Jambo la pili nalo lilinikuta mapema. Nilikuwa ndani ya chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki, nikifungua feni, mlango ukajifunga na kitasa cha ndani kikawa kimekatika. Nikapiga kelele. Nikaita majina ya wenzangu, nikaita ya mama yangu, nikasoma dua zote nilizojua na nyengine nikazitunga. Hakuna aliyekuja. Fundi Vuai alikuwa nje, hatua chache tu, akinywa kahawa, na kuta zile nene hazipitishi sauti. Nilianza kujihesabu miongoni mwa samaki. Mwisho, kwa hasira tu, nikaupiga mlango kwa spana mara mbili. Fundi Vuai akaufungua.

"Ulikuwa unafanya nini humo muda wote?" akaniuliza.

"Nnaita, fundi!"

"Ukuta wa barafu hausikii dua wala matusi. Unasikia kugonga." Na hapo ndipo akanifundisha ile desturi ambayo nanyi nimewafundisha: aliye ndani hugonga mara moja kila baada ya kitambo, maana yake nipo, kazi inaendelea. Akigonga mara mbili, acha kila ulicho nacho, fungua mlango. Hakuna neno la tatu.

La tatu mnalijua hata mkiwa usingizini, maana nimelisema mpaka mmenichoka. Jokofu likisafirishwa limelazwa, mafuta ya kompresa huhama yakaingia kwenye mabomba. Ukiliwasha papo hapo, umeliua. Lisimamishe, liache lilale limesimama, ndipo uliwashe. Nimeshatukanwa Chwaka na mchuuzi wa samaki, changu wake wanaanza kunuka pembeni, na sikuwasha. Kesho yake jokofu likanguruma na yeye akaniletea pweza wa kuombea radhi. Mkubwa yule pweza, tulimla juma zima, mikono miwili tukaigawa kwa jirani.

Sasa nije kwenye pikipiki. Mnaijua ile ndogo ya karakana niliyoipanda miaka yote. Mbele nilikaa mimi na mkoba wa spana. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mtungi wa gesi, umefungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Nilikwenda nao Kiwengwa kwenye mahoteli, nikaenda nao Chwaka, Nungwi, Makunduchi. Watu wa mashamba walikuwa wakitusalimia sote wawili.

Mke wangu, Bi Rukia, alipanda pikipiki ile mara moja tu, tukiwa maharusi. Ekzosi, lile bomba la moshi, ikamchoma muundini, kovu analo hadi leo, lina umbo la jani la mkungu. Hakupanda tena. Akenda kwa dada yake Chwaka kwa gari za abiria, nami nikenda Chwaka hiyo hiyo na mtungi, tukakutana huko kama wageni. Nilipostaafu, watoto washaoa na kuolewa, nyumba imebaki na sauti ya ile saa yenu ya ukutani, akaniambia neno ambalo liliniingia mpaka kwenye mfupa:

"Fundi, mtungi wako umeiona Kiwengwa. Umeiona Nungwi. Umeiona Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa. Mie nimeona soko la Darajani."

Nikamwambia nitanunua pikipiki kubwa, ya masafa, yenye kiti cha nyuma cha mtu na si cha chuma. Akalipapasa lile kovu la muundini.

"Nunua. Nitapanda mara moja, nijionee mwenyewe. Nikishuka na uso wangu huu huu, ni yetu. Nikishuka na uso mwengine, kesho yake inauzwa, na mie sitaki tena kusikia habari ya pikipiki mpaka siku ya kiyama."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana. Si pikipiki. Ni iwapo mke wangu atakuwa nyuma yangu miaka hii iliyobaki, au nitazunguka peke yangu, safari hii bila hata ya mtungi.

Aina niliyoitaka naijua vizuri. Kuna pikipiki za mashindano, zinazomkunja mtu kama pweza aliyeanikwa. Kuna zile pana za kukalia kama sultani, ambazo ukiziinamisha kidogo zinalala nawe. Katikati yake ipo moja ambayo mgongo unanyooka ila si sana, ina kioo cha kukata upepo, masanduku mawili ya ubavuni, na nguvu ya kupandia mlima ambao Unguja hatuna. Mpya yake si ya mtu wa pensheni. Kwa hiyo mtumba, na mtumba ni kazi yetu: sijawahi kutengeneza jokofu jipya maishani.

Kitu cha kwanza sikwenda kuangalia pikipiki. Nilichukua ufagio. Uchochoro wa nyumbani kwetu Mkunazini ni mwembamba hivi kwamba paka wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Nikapima pale penye kona mbaya, nikakata mpini, nikatoka nao mkononi. Jirani yangu Sefu, ambaye kazi yake ni kukaa barazani na kuona, akaniuliza:

"Unakwenda kununua pikipiki au unakwenda kufagia?"

"Vyote viwili vinaanzia mlangoni," nikamjibu.

Ya kwanza ilikuwa Kiwengwa, ya kijana mmoja dereva wa hoteli aitwaye Abdi. Nilimwambia kwa simu nitakuja asubuhi, asiiwashe kabla sijafika. Nikafika. Pikipiki nyekundu, inang'ara, ungeweza kujinyolea ndevu kwenye tangi lake. Nikaweka fimbo kwenye usukani: inapita. Nikaweka kiganja kwenye injini. Vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.

"Abdi mwanangu, hii imeshaamka."

"Aa, mzee, jua hilo."

"Jua limepasha injini likaacha tangi baridi? Jua la Kiwengwa lina akili hivyo?"

Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu uongo ukishikwa kwa uzuri hauna haja ya ugomvi. Mashine inayowashwa kabla ya mgeni kufika ni mashine isiyotaka kuwaka mbele yake. Nikapiga magoti nikatazama chini, mahali ambapo rangi haifiki. Mnakumbuka viyoyozi vya mahoteli yale, vile vinavyotazama bahari? Chumvi ya pwani ya mashariki hula chuma kama sie tunavyokula urojo, haitafuni, inameza. Fremu ya chini ilikuwa imechanjwa na kutu, na ukucha wangu ukazama. Nikamshukuru, akanipa dafu, tukaagana vizuri.

Ya pili ilikuwa Mbweni, kwa Bwana Nassor, mhandisi wa meli aliyestaafu kabla yangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Bwana Nassor."

"Marahaba. Hiyo fimbo ya nini? Kuna mbwa?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliichukua fimbo mwenyewe, akaiweka kwenye usukani, ikapita kwa upana wa kidole. Akaiweka kwenye masanduku, ikawa fupi. "Masanduku yanatoka," akasema, na akayatoa kwa mkono mmoja. Nikajua nimefika kwa mtu.

Pikipiki ilikuwa chumbani. Sisemi bandani, nasema chumbani, juu ya mkeka, imefunikwa kanga, na hakika mzee yule alilala sebuleni ili yenyewe ipate hewa. Rangi ya kijivu, haina madaha. Nikagusa injini: baridi kama sakafu ya msikiti. Akaiwasha. Ilikohoa mara moja, ikatulia, ikawa inavuma kama jokofu jema, lile ambalo unasahau kwamba lipo. Nikaweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kama mnavyoniona nikifanya na kompresa. Hakuna kugongana, hakuna kukwaruza. Mnyororo umepakwa mafuta, tairi zina meno, maji ya breki ni meupe. Ekzosi ipo chini, mbali na mguu, na ina ngao ya kuzuia moto. Hiyo niliipapasa mara tatu.

Kisha nikaona kitu. Kiti cha mbele kimechakaa kwa kukaliwa miaka. Kiti cha nyuma ni kipya kabisa, mshono haujalegea.

"Umekibadilisha kiti hichi?"

"Hapana. Ndicho ilichokuja nacho." Akakipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Marehemu mke wangu hakupanda hata siku moja. Nilimwambia mara moja, akasema ataona. Sikumwambia tena."

Vijana, hapo ndipo roho yangu ilipofanya baridi kuliko injini ile. Mashine haikuwa na kasoro hata moja, na kasoro niliyoiona haikuwa ya kurekebishwa kwa spana. Tulikubaliana pale pale.

Bwana Nassor hakukubali itembee barabarani kabla bima haijawa kwa jina langu, kwa hiyo nikaita kirikuu, kile kigari cha mizigo, kuibeba. Dereva wake alikuwa mtu wa kubeba magodoro. Bwana Nassor alipoingia ndani kusali Alasiri, yule dereva akailaza pikipiki ubavu juu ya magodoro ya mteja mwengine, akaifunga kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na mimi nilikuwa nikibeba masanduku. Nilipogeuka, gari lishawaka. Tukaenda hivyo hivyo mpaka mjini. Wazee wa baraza walisimama kuipa heshima, wakidhani ni maiti.

Tukaisukuma uchochoroni. Fimbo haikusema uongo, tulipita tumebana pumzi. Tukaisimamisha kwenye ua wa ndani, pale katikati ambapo mwanga unashuka kutoka juu. Vijana wa mtaani waliotusaidia kusukuma wakaanza kelele: "Washa, fundi! Washa tuisikie!" Bima nilikuwa nshalipia kwa simu. Ufunguo nilikuwa nao.

Na mimi, bila kufikiri, nikanyanyua mkono: "Hakuna kuwasha! Ilikuja imelala. Ikae mpaka kesho mafuta yashuke."

Sefu akaingiza kichwa mlangoni.

"Fundi, umenunua pikipiki au umenunua kuku wa kutamia?"

"Inapumzika."

"Imefanya kazi gani?"

Simu ikalia, Bwana Nassor. "Imewaka vizuri?"

"Bado, bwana. Ilibebwa imelala, nimeisimamisha mafuta yarudi kwenye komp..." Nikajisikia mwenyewe.

"Yarudi wapi?"

"Mahala pake."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Fundi, hiyo si friji! Mie ningetazama plagi na maji ya betri, basi. Lakini haidhuru, iache ikae. Haijawahi kuhurumiwa hivyo."

Ningeweza kuiwasha baada ya hapo. Sikuiwasha, kwa sababu nilikuwa nshatamka mbele ya Sefu. Kwa ukaidi huo tu pikipiki ikabaki pale, imekaa kimya katikati ya ua. Nyumba zetu mnazijua, giza lake ni la adhuhuri. Mwanga wa kuchambulia mchele ni pale pale tu, na pale pale palikuwa na kigoda chake Bi Rukia, yaani kibao anachokalia. Asubuhi akatoka na ungo.

"Isogeze."

"Nzito, Rukia. Ngoja nimwite Sefu."

"Sefu aje anione na kanga ya kulalia?" Akaizunguka pikipiki. Akaigusa ekzosi kwa ncha ya kidole, akakirudisha haraka, kisha akaigusa tena kwa kiganja kizima. Baridi. Akaweka mguu kwenye kikanyagio, akajipandisha kwa ubavu, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akapakata ungo, akaanza kuchambua mchele.

Mimi nilisimama na kikombe cha chai. Alichambua mchele ule wote. Alichambua na wa kesho. Dada yake alipopiga simu kutoka Chwaka, aliongea naye pale pale juu ya kiti, miguu ikining'inia, na nikamsikia akisema: "Nipo juu yake hapa. Hapana, haijawashwa. Mume wangu anasema inapumzika. Ndiyo, mzima kabisa, ndivyo walivyo mafundi wa majokofu."

Kama ningeiwasha siku ile mbele ya makelele ya vijana, ikanguruma na kutoa moshi katika ua ule mdogo, angejifungia chumbani na ningekuwa nimekwisha. Kosa langu la mazoea ya kazini ndilo lililoitambulisha kwake ikiwa kimya na ikiwa baridi.

Siku ya pili yake tukatoka kwenda Chwaka kwa dada yake. Nilimvalisha helmeti juu ya mtandio, suruali ndefu chini ya baibui, viatu vya kufunga. Nikamwambia: "Kwenye upepo sitakusikia hata ukiita. Gonga helmeti yangu. Mara moja, upo, twende. Mara mbili, nasimama hapo hapo."

"Kama mle kwenye barafu?"

"Kama mle kwenye barafu."

Tukapita Amani, tukapita Mwera. Pikipiki ile haitetemeki. Inateleza kama kisu katika halua, nanyi mnajua siongezi neno. Nilikuwa nikingoja kugongwa. Hakugonga hata mara moja. Nikasema moyoni, amefumba macho, amekufa ganzi, anahesabu dhambi zangu. Mikono yake ilikuwa kiunoni mwangu imekaza kama mipira ile ya mtungi. Tukapita Dunga, njia ikafunguka, miti ikarudi nyuma, na hapo: ko, ko.

Mara mbili.

Nikasimama pembeni. Nilizima injini taratibu kuliko ilivyohitajika, maana sikuwa na haraka ya kuliona lile lililokuwa nyuma yangu. Nikamsikia akivua helmeti. Nikageuka kuutazama uso.

Ulikuwa umelowa, machozi au upepo, sikuuliza. Alikuwa akitazama mashamba, na jinsi njia inavyoshuka mbele kuelekea upande wa bahari.

"Mtungi ulikuwa ukikaa hapa," akasema, "miaka yote hiyo?"

"Naam."

"Na hukuniambia kama kunaonekana hivi."

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akaivaa helmeti mwenyewe, akaifunga kidevuni, akakaa sawa.

"Dada keshaweka sufuria motoni. Na lile lori la mchanga lililotupita pale nyuma, mie sikupenda litupite."

Nikawasha. Kabla sijaingiza gia, akanigonga mara moja.